Mwonja Maji wa Kariakoo

Kabla sijaona kitu nilisikia kopo likigusa maji. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa mtu aliye usingizini anapofumbua midomo. Kikafuata kimya kirefu. Kisha kamba ikasugua gogo, na matone yakaanza kurudi kisimani, moja, halafu jingine, yakianguka mbali sana chini. Alfajiri ilikuwa bado nyeusi juu ya mapaa ya Kariakoo, na mimi nilikuwa nimesimama kichochoroni nikiwa na debe tupu kichwani, nisijue mguu uende wapi.

"Weka debe chini," alininong'oneza mama mkwe wangu, Bi Sikudhani. "Keti nyuma ya huyo wa mwisho. Unyamaze."

"Ninyamaze mpaka lini, mama?"

"Mpaka maji yamalize kuja."

Ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa bibi harusi wa juzi, hina bado nyekundu viganjani. Nilikuwa nimeletwa mjini kutoka vilima vya Kisarawe kuolewa na mtoto wa Bi Sikudhani, aliyekuwa akipakua mizigo bandarini. Nilidhani nimekuja kuwa mke wa mtu wa mjini, nipike, nijifukize udi, nimsubiri mume. Kumbe nilikuwa nimeandikiwa kisima. Ninyi wajukuu zangu mnaofungulia bomba huku mnaongea na shoga zenu mtaona ajabu nikiwaambia kwamba kuchota maji ilikuwa kazi yenye vyeo, yenye wakubwa na wadogo, na kwamba niliifanya tangu ujana wangu mpaka meno yaliponitoka.

Kulipopambazuka nikaona. Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba za mwisho, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda Jangwani. Kilikuwa kipana, kimejengewa mdomo wa mawe ya matumbawe, na juu yake gogo la mkoko lililolainishwa na kamba mpaka likang'aa kama shingo ya chupa. Wanawake walikuwa wameketi mstari mmoja, kila mmoja na ngata yake mapajani, ule mviringo wa kitambaa wa kutuliza mzigo kichwani. Hakuna aliyeongea. Wote walikuwa wameinamisha vichwa upande mmoja, wakisikiliza. Nilidhani wanaomba dua. Baadaye nilijua kwamba walikuwa wakisikiliza maji yakijikusanya, kwa sababu kisima kile kilichotwa kwa mapumziko. Madebe machache, kisha kinaachwa kivute pumzi, kisha machache tena.

Aliyeketi jiwe la juu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga kaniki nyeusi. Huyo ndiye Mkubwa wa Kisima, Bi Nyamizi. Alizaliwa bara, kwenye nchi ya vumbi reli inakopita, na aliteremka pwani akimfuata mumewe aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Wazungu. Mume hakurudi. Yeye akabaki. Alinitazama kuanzia ngata mpaka vidole vya miguu.

"Huyu nani?"

"Mkwe wangu, Mwajuma," alisema Bi Sikudhani. "Mzaramo mwenzangu."

"Mzaramo! Basi mfungeni kamba kiunoni. Hawa wakisikia ngoma ya mwali huko Gerezani watatupa hata mtoto, sembuse debe."

"Afadhali anayekimbilia ngoma," alijibu mama mkwe, "kuliko aliyetembea kutoka bara na mzigo wa mtu mwingine kichwani akadhani anatalii."

Mstari mzima ukacheka kwa sauti ya chini, mikono midomoni, kwa kuwa kisimani hapakuchekwa kwa nguvu. Wale wawili walikuwa watani, kabila na kabila, na mtani hakasirikiwi. Walitukanana kila asubuhi kama wengine wanavyosalimiana. Bi Sikudhani alikuwa Mshika Kamba, cheo cha pili baada ya Mkubwa. Hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuteremsha kopo.

Na kopo lenyewe lilikuwa na elimu yake. Halikuwa ndoo. Lilikuwa bati dogo lililofungwa kipande cha mti mwepesi ubavuni, ili likifika majini lilale chali, lielee, linywe maji ya juu tu. Mji huu umekaa juu ya bahari hata pale usipoiona. Chini ya maji baridi kuna maji ya chumvi, na yale baridi yameyalalia ya chumvi kama mafuta yanavyolalia mchuzi. Ukichota polepole kutoka juu, mvua ya mwaka hadi mwaka inakutosha. Ukitumbukiza ndoo kwa pupa unaamsha kilichoko chini. Mama mkwe alizaliwa kandokando ya pwani, naye ndiye aliyelitengeneza kopo lile. Bi Nyamizi alilikubali, ila mapumziko na kusikiliza na mpangilio wa watu vilikuwa vyake yeye, alivileta kutoka kwao kwenye mito inayokauka. Kisima kile kilikuwa na mama wawili.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia mdomo wa kisima na kukinga matone ya kamba kwenye chungu. Msicheke. Chungu kile kilijaa kila asubuhi, kikapelekwa kwa mzazi aliyelala uzazini au kwa mgonjwa. Baadaye nikapandishwa kuwa mtazamaji wa nyumba. Nilipita uani kwa watu nikiangalia maji yanatumikaje. Maji ya kuoshea mchele yalioshea vyombo, ya vyombo yakanywesha mchicha. Vipaa vya madebe yaliyonyooshwa viliwekewa mifereji ya magome ya mgomba, na pipa chini yake, likafunikwa kitambaa kwa ajili ya mbu. Mke wa Mwarabu mmoja mwenye duka alikuwa na birika kubwa la saruji, na tulikubaliana naye alifunike, nasi tungemsafishia kila mwaka kabla ya masika. Alikuwa akinikaribisha kahawa, nami namkatalia, kwa kuwa mtazamaji hapokei kitu katika nyumba anazokagua, naye ananitania, "Nyinyi wanawake wa kisima mna dini yenu peke yenu."

Labda tulikuwa nayo. Nikikumbuka asubuhi zile naziona kwa rangi ya maji yenyewe, buluu iliyochanganywa na moshi. Majogoo wa mbali, muuza maandazi anayewasha jiko, na sisi tuliokaa kimya tukisikiliza kitu kinachotiririka gizani chini ya nyumba zetu. Nyakati nyingine nilihisi mji wote unaelea, na kopo letu ndilo lililoushikilia.

Ukaja mwaka ambao masika hayakuja. Mawingu yalipita kuelekea kusini kama wageni wasiobisha hodi. Wanaume wa mizega, wale wanaobeba madebe mawili kwenye mti begani, walianza kutoka mbali zaidi kila siku na kurudi na maji machafu zaidi. Kisimani mapumziko yalirefuka. Tuliketi mpaka jua likatuchoma migongo, na kopo likitua tulisikia linakwaruza mchanga.

Hapo ndipo Bi Nyamizi alipotamka neno lake.

"Tutachimba."

Mama mkwe aliiachia kamba. "Kuchimba wapi?"

"Chini. Maji yamekimbia, tunayafuata. Kwetu mto ukikauka mama zetu wanafukua mchanga. Wakifika magotini hayapo, wanafukua mpaka kiunoni. Yasipokuwepo, mpaka shingoni. Maji hayaendi popote isipokuwa chini."

"Huko kwenu chini kuna nini?"

"Maji."

"Hapa chini kuna bahari, Nyamizi."

Hakumwita mtani siku ile. Nasi tuliosikia tulijua ule si utani. Bi Nyamizi alisimama, akatuonyesha watoto waliolala juu ya madebe matupu. Akasema kwamba ameshazika watu waliokufa kwa kiu, yeye, si kwa kusimuliwa, na hatakaa juu ya jiwe akisikiliza mchanga. Wanawake wengi walikuwa wa bara kama yeye. Vichwa vikatikisika upande wake. Hata mimi, niliyetoka kwenye vilima vya visima virefu, niliona anasema kweli.

Wakachimba, wanawake wenyewe, kwa majembe mafupi, wakipandisha mchanga kwa makapu. Mama mkwe alikataa kushuka, ila hakukataa kuvuta makapu. Na maji yakaja! Yalikuja kwa wingi, meupe kwanza, kisha maangavu, yakapanda mpaka tukayaona yakimetameta. Siku zile tulicheka kwa nguvu kisimani kwa mara ya kwanza. Bi Nyamizi alibebwa juujuu. Mtaa ukaoga.

Kisha sabuni ikaacha kutoa povu. Nilikuwa wa kwanza kuliona nyumbani kwetu, nikadhani ni sabuni mbovu. Siku ya pili yake kunde zilikaa jikoni tangu asubuhi mpaka alasiri zikakataa kuiva. Mama mkwe alichovya kidole kwenye mtungi, akakilamba, akaketi chini palepale jikoni. Maji ya chumvi yalikuwa yameamka.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyeketi kwenye mstari. Walisimama wamekizunguka kisima, na mwanamke mmoja aliyekuwa na pacha wachanga alilimwaga debe lake miguuni pa Bi Nyamizi.

"Kunywa wewe."

Bi Nyamizi hakusogea. Maji yalizama mchangani yakaacha ukingo mweupe kuzunguka nyayo zake.

Kulikuwa na desturi upande wa kwao mama mkwe, na sijaiona kwingine. Mtu akiharibu kisima hafukuzwi. Anavuliwa amri, anapewa kazi ya kukionja. Kila alfajiri kopo la kwanza ni lake, mbele ya wote, naye ndiye anayesema kama maji yanafaa au hayafai. Hakuna atakayeonja kumsahihisha. Ulimi wake ndio ulimi wa mtaa mzima. Mama mkwe aliitamka desturi hiyo kwa sauti ya upole kuliko nilivyomzoea.

"Akidanganya je?" aliuliza yule mama pacha.

"Akidanganya, kisima kimekufa na sisi hatuna mtu tena. Lakini hadanganyi."

"Umejuaje?"

"Nimemtukana miaka yote hii," alisema Bi Sikudhani. "Namjua."

Tukalirudisha lile shimo. Tulibeba mchanga safi kutoka upande wa juu wa bonde tukaushusha kapu kwa kapu mpaka chini pakarudi pale pa zamani. Kisha tukakilaza kisima. Kulaza ni kukiacha kabisa, bila kopo isipokuwa lile moja la kuonja, ili yale yaliyo baridi yarudi polepole kulalia yale ya chumvi. Na kila alfajiri Bi Nyamizi alipiga goti, akasukutua, akapokea kopo, akafumba macho. Tulitazama koo lake. Kila siku alisema neno moja, "Bado." Tukaondoka na madebe yetu kwenda kukwangua vidimbwi Jangwani.

Ndipo Bwana Afya alipokuja. Hicho kilikuwa cheo cha mkaguzi wa afya wa mji, kijana mwenye kofia ya kaki na soksi ndefu, mwenyeji wa Tanga, mwenye adabu. Juu yake alikuwa Daktari wa Mji, Mwingereza ambaye hatukuwahi kumwona ila tulimsikia kupitia kinywa cha huyu. Daktari alikuwa ameamua kwamba visima vya wazi visivyo na kazi vinazaa mbu, na vifukiwe.

"Shikamooni, mama zangu," alisema. Tukamwitikia. "Nimeambiwa kisima hiki hakichotwi. Kisichochotwa ni dimbwi, na dimbwi nalifukia. Ndiyo amri."

"Kimelala," mama mkwe akamwambia. "Hakijafa."

"Bi mkubwa, sina mahali pa kuandika 'kimelala'. Nina 'kinatumika' na 'hakitumiki'." Alijikuna chini ya kofia. "Basi. Nitakuja tena Ijumaa asubuhi na mkokoteni wa kifusi. Nikikuta maji yanafaa kunywa, naondoka na kifusi changu. Nani atakayeniambia?"

Kila mtu akamtazama Bi Nyamizi.

Sijui kama mnaona jambo lilivyokuwa. Kisima kile kikifukiwa, mtaa mzima ungekunywa vidimbwi au ungengoja mizega. Ili kisifukiwe lilitakiwa neno moja tu kutoka kwa mwanamke mmoja, naye ndiye aliyekiharibu. Siku zote mpaka Ijumaa watu walimpitia kwake, mmoja mmoja, wakibisha hodi kwa upole. Yule mama pacha alimpelekea ndizi. Nilitumwa kumpelekea uji nikamkuta ameketi mlangoni, kaniki imemlegea mabegani.

"Wote wanataka niseme matamu," aliniambia. "Hata wewe, mkwe wa Sikudhani. Naona kwenye macho."

"Ni neno tu, mama. Akishaondoka tutaendelea kungoja."

"Na Jumamosi nikisema bado, utajuaje kama ni bado kweli? Na mwakani nikisema yanafaa, yule mwenye pacha atawapa wanawe?" Alinirudishia bakuli la uji bila kuligusa. Uji ulikuwa na chumvi, na ulimi wake haukuwa wake tena. "Kama nimewatia njaa ya maji, nisiwatie na njaa ya neno la kweli."

Ijumaa walikuja hata wasiochota. Mkokoteni ulisimama kichochoroni, kifusi kimelundikwa, punda akipiga masikio. Bwana Afya alivua kofia. Mama mkwe aliteremsha kopo. Tulisikia linatua. Lilitua vizuri, kwa ule mlio laini wa maji mengi, na lilipovutwa mioyo yetu ikapanda nalo.

Bi Nyamizi akasukutua. Akapokea. Akafumba macho, na ilionekana kama amekwenda mahali, ametuacha sote pale tumesimama, ametembea peke yake mpaka kwenye nchi ya vumbi na kurudi. Akatema pembeni.

"Bado," alisema.

Mtu mmoja nyuma akaanza kulia. Bwana Afya alilichukua kopo mkononi mwake, akanywa, akanywa tena.

"Mbona mimi naona yanafaa?"

"Leo yanafaa kwako, mwanangu. Tukianza kuchota leo, Jumatatu yatakuwa chumvi. Kuna ukakasi kwa nyuma, kwenye koo. Bado."

"Unajua ungesema yanafaa ningekwenda zangu?"

"Najua."

Alichezea ukanda wa kofia. Kisha akamgeukia mwenye punda akamwambia arudishe mkokoteni. Sisi tukashusha pumzi mapema mno, kwa kuwa akasema, "Sifukii. Ila siwezi kumwambia Daktari kwamba kiko wazi. Nakifunga. Kifuniko cha mbao, kufuli la Afya, na ufunguo ninao mimi mpaka mvua. Hata kopo la kuonja hakuna."

"Mpaka mvua!" alipiga kelele mama pacha. "Na kama mvua haiji?"

"Basi mama, tutakuwa tumekufa wote, na Daktari atafukia mwenyewe."

Sitawapamba miezi ile. Tulikwenda Jangwani kabla ya jua, upande wa juu wa bonde ambako maji ya bahari hayafiki, tukakwangua vishimo kwa vifuu, tukingoja kila kimoja kitoe kikombe. Mkubwa sasa alikuwa Bi Sikudhani. Alivipa vishimo vile mapumziko yake na foleni yake, kila alichojifunza kwa Bi Nyamizi. Walikuwepo waliomwambia Bi Nyamizi usoni kwamba neno lake moja limewaua miguu. Yeye alibeba debe lake, na mara nyingi la mwingine, akanywa wa mwisho. Wale watani wawili hawakutaniana. Nadhani hicho ndicho kilichokuwa kikavu kuliko yote mwaka ule.

Vuli ilianza kwa harufu. Kisha mabati yakaanza kuongea, tone na tone, kisha yote kwa pamoja, na watu wakatoka nje na sufuria, na mabeseni, na viganja. Bonde la Jangwani likawa ziwa. Tulingoja lishuke. Bwana Afya alikuja na ufunguo akiwa amekunja soksi zake kwa tope, na kifuniko kiliponyanyuliwa ilitoka hewa baridi kama pumzi ya mtu aliyelala sana.

Bi Sikudhani akateremsha kopo. Bi Nyamizi akapiga goti. Mvua ilikuwa ikinyesha usoni kwake, kwa hiyo sitawaambia kama alilia.

"Yamerudi," alisema.

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Yule mama pacha alikuwa wa kwanza kusogeza debe, na alipojaza alichovya kidole akawapa wanawe palepale, mmoja mmoja, bila kuyaonja yeye kwanza. Bi Nyamizi aliliona hilo. Mama mkwe alisimama, akapisha jiwe la juu. "Rudi mahali pako, Mnyamwezi. Nimechoka kubeba mzigo wako, sikuzaliwa mpagazi."

"Kaa hapohapo, Mzaramo. Ngoma ikilia utakimbia, ndipo nitarudi."

Tulicheka, kwa sauti ya chini, mikono midomoni. Hakurudi kwenye jiwe. Alibaki mwonjaji, si kwa adhabu tena. Alikuwa ameomba mwenyewe. Daktari wa Mji akatoa mabati ya kuzungushia ua na mlango wenye kitasa, na kisima chetu kikaandikwa kwenye vitabu vya Afya kuwa kinatumika.

Mimi nilichukuliwa kuwa mwanafunzi wa Bi Nyamizi. Kazi ya kuonja inataka mtu aliyejinyima. Hakuna tambuu, hakuna tangawizi, hakuna kahawa kabla ya jua. Chumvi usiku ni marufuku, na mume wangu alilalamika kuhusu mchuzi wangu miaka yote ya ndoa yetu. Unapokea maji kwa ncha ya ulimi, unayapeleka chini yake, unangoja, kisha unauliza koo. Ncha itakudanganya. Koo ndilo linalojua. Na baada ya kuuliza koo, unasema lilichokujibu, awe amesimama mbele yako nani.

Bi Nyamizi alipanda treni kurudi bara akiwa mzee, akifuata watoto wa dada yake. Nikashika nafasi yake. Nilitumikia chini ya Wakubwa wa Kisima watatu na Mabwana Afya ambao siwakumbuki wote. Nilitumwa Magomeni, kulipokuwa mashamba na nyumba chache, kuwafundisha wanawake kufunga mti kwenye kopo na kukaa kimya. Wengine walinicheka. Kiangazi kilipokuja waliacha. Nikarudishwa Kariakoo, nikaona bomba likija barabara kuu, kisha barabara ya pili. Kisima chetu kilibaki kwa siku ambazo bomba halitoi. Siku hizo hazikuwa chache, na wanawake waliendelea kukilaza na kukiamsha kama zamani.

Vijana mnaniuliza kazi ile ilinipa nini. Sina nyumba ya ghorofa. Kilichopo ni kwamba nikilala mchana, hata leo, naona maji yakitembea chini ya mji, chini ya maduka na malori na watu wanaogombana, yakitembea taratibu gizani, baridi juu na chumvi chini, yasichanganyike. Naamka nimepumzika. Sidhani kama kuna malipo ya uzeeni yanayozidi hayo.

Na mnaniuliza nilistaafu vipi, kwa kuwa hakuna aliyenistaafisha. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi kama nyingine. Mkubwa wa wakati huo alikuwa msichana mwenye sauti nzuri na haraka kidogo. Madebe yalikuwa mengi, bomba lilikuwa kavu tangu juma lililopita, na wote walikuwa wamekuja na watoto. Nilipiga goti, nikasukutua, nikapokea kopo. Nikafumba macho. Ncha haikusema kitu. Nikayapeleka chini ya ulimi, nikangoja. Nikauliza koo. Koo likanyamaza.

Niliomba kopo la pili, jambo ambalo sikuwahi kufanya. Nikanywa. Yalikuwa baridi. Zaidi ya hapo hayakuwa kitu, yalikuwa kama hewa.

"Bibi?" alisema yule Mkubwa. "Yanafaa?"

Niliwaona wakinitazama kooni. Ingekuwa rahisi. Jana yalifaa, juzi yalifaa. Madebe yalikuwa yameshaanza kusogezwa, kwa sababu hawakuwahi kusikia kutoka kwangu neno la tatu, na hawakujua kwamba lipo.

"Sijui," nikasema.

"Hujui vipi, bibi?"

"Sijui, mwanangu. Ulimi umeniacha. Mtafute mwingine leo hii, kabla hamjachota. Yule anayekaa mwisho wa mstari, asiyependa pilipili. Mpeni yeye."

Nilimwachia yule Mkubwa kopo. Watu walinipisha njia, mmoja akanishika kiwiko mpaka kwenye mabati. Nilitoka kichochoroni jua likianza kupanda ukutani, na nyuma yangu mtu akausukuma mlango wa ua, taratibu, mpaka kitasa kikashika.